Fundo kwenye Nyeusi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Fundo, na kama aliwahi kuwa na jina jingine basi lilibaki kwenye vyeti vyake. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango na robo, kimebanwa kati ya duka la vioo na ngazi za kwenda ghorofani, na mle ndani amplifaya zilizopasuliwa matumbo zilipangwa mpaka darini. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi mbili: NYEKUNDU KWA NYEKUNDU, NYEUSI KWA NYEUSI. Hiyo ndiyo elimu yote ya kufunga muziki, alipenda kusema. Mengine ni mbwembwe.

Na fundo lenyewe lilitoka mbali. Zamani, yeye na binti mmoja mwenye maneno makali walijifunza kazi kwa mzee mmoja bahili ambaye hakukubali kununua waya wa rangi mbili hata kwa kubembelezwa. Waya zake zote zilikuwa nyeupe, pacha wasiotofautika, na ukichanganya waya wa nyekundu na wa nyeusi nyuma ya spika, muziki unaharibika. Basi mzee akawafundisha hivi: kabla hujachomeka chochote, shika ule utakaokwenda kwenye nyekundu, piga fundo dogo nyuma ya kila ncha, upande wa amplifaya na upande wa spika. Wenye fundo, nyekundu. Usio na fundo, nyeusi. Mzee alikwisha kufariki, waya za rangi zikajaa madukani, lakini wanafunzi wake wawili hawakuacha mafundo yao. Mkono ulishazoea. Yule binti siku hizi ni mama mtu mzima mwenye duka lake ng'ambo ya barabara, na anaitwa Mama Risasi, kwa risasi ya kuchomelea na kwa ulimi vilevile. Yeye ni mashoto, kwa hiyo fundo lake hulala upande wa kushoto, na la Fundi Fundo upande wa kulia. Ukichungulia nyuma ya spika yoyote pale mtaani unajua mara moja ni nani kati yao aliyepita.

Fundi Fundo alijivunia jambo moja, na alilisema hata kwa watu ambao hawakumuuliza: kwa miaka thelathini hakuna kazi yake iliyorudi. Redio zilirudi, ndiyo, maana redio ni kama binadamu, huugua. Lakini muziki alioufunga yeye, amplifaya hapa, spika pale, waya zimebanwa pembeni mwa ukuta kama nywele zilizosukwa, huo haukurudi. Mama Risasi alikuwa na kazi mbili zilizorudi, na Fundi Fundo aliikumbuka tarehe ya kila moja.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Nyumbani mkuu alikuwa mkewe, ambaye watu walimwita Mama Keki, na makao makuu yalikuwa jikoni. Oveni ilisimama dhidi ya ukuta wa mwisho kwa sababu bomba la gesi lilifika hapo tu. Asubuhi mama huyo alipima unga kwa mizani, akavunja mayai kwa mkono mmoja bila kutazama, na ifikapo adhuhuri nyumba nzima ilinukia vanila. Na hapo Fundi Fundo siku hizi alikuwa ameshikwa na kaugonjwa. Hakuweza kupita mbele ya ile oveni, mkewe akiwa amegeuka au ametoka kuanika vitambaa, bila kufungua mlango wake upana wa vidole viwili, akaingiza pua, akavuta, akafunga. Hakuona ubaya wowote. Mwenye kunusa hajala.

Chumba cha upande wa pili wa ukuta huo kilipangwa na mdogo wa mkewe, yaani shemeji yake. Alikuwa dereva wa lori la kokoto, mtu wa kifua kipana na roho nyeupe, ambaye kutwa nzima alitikiswa na injini na akirudi nyumbani ukimya ulimuuma. "Shemeji, mimi bila mtetemo siwezi hata kufikiri," alieleza, na kweli aliishi na redio kubwa ya zamani yenye besi ya kukohoa. Hakuna aliyejali, mpaka zilipofuatana Jumapili mbili ambazo keki za Mama Keki zilinywea. Ziliinuka vizuri, zikavimba, kisha katikati zikabonyea kama mto uliokaliwa na mtu mnene.

Jumapili ya pili Mama Keki aliweka sikio ukutani. Upande wa pili redio ilikuwa inakohoa.

"Ni huyu ndugu yangu," alisema polepole. "Ananitikisia oveni."

"Mwambie," akasema Fundi Fundo, ambaye alikuwa ameketi mezani na gazeti la juzi.

"Nimwambie nini? Nimemlea mwenyewe tangu mama afariki, sijawahi kumnyima kitu. Leo nimnyime redio?"

Basi hakumwambia. Keki zilizonywea haziuziki, kwa hiyo alizikata vipande akampelekea ndugu yake huyohuyo, naye alizila zote na kumsifu. Aliamini ni aina mpya. "Dada, hizi zenye shimo ndizo tamu zaidi," alisema, akilamba kidole. Mama Keki alirudi nyumbani akiwa amekunja uso, na aliyeubeba uso huo mpaka usiku ni mumewe.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Jumatatu shemeji mtu alishuka kwenye lori lake akiwa amekumbatia kitu mfano wa jokofu dogo. Ilikuwa sabufa. Spika mbili ndefu zilifuata nyuma, na amplifaya yenye taa za buluu, bado imevaa nailoni yake. Wapangaji walitoka milangoni kutazama. Fundi Fundo naye alitoka, na kwa nukta moja alisahau kwamba ana mke. Sabufa ilikuwa nzuri! Koni yake ilikuwa pana kama sinia, na nyuma ilikuwa na matundu manne, mawili mekundu na mawili meusi, maana ilikuwa na koili mbili ndani: misuli miwili inayosukuma koni moja.

"Shemeji," alisema dereva, macho yanang'aa, "nataka unifungie wewe. Ukinifungia wewe, najua nyumba itatetemeka."

"Itatetemeka," alisema Fundi Fundo kwa dhati.

Akageuka. Mkewe alikuwa amesimama kizingitini, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

Yaliyosemwa jikoni dakika tano baadaye yalikuwa machache na yalieleweka. Jumamosi ile Mama Keki alikuwa na keki ya harusi ya binti wa mwalimu mkuu, ghorofa tatu. Ya chini ingeokwa Alhamisi, ya kati Ijumaa, na ya juu, iliyo laini kuliko zote, Jumamosi yenyewe mchana.

"Ikinywea hata moja," alisema, "utakwenda wewe kwa mwalimu mkuu. Utasimama mbele ya watu wa harusi, useme: mimi ndiye niliyefunga besi."

"Basi nikatae kumfungia?"

"Ukikataa atamwita Mama Risasi."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa baya mara mbili. Besi ya Mama Risasi iliwahi kudondosha saa ukutani. Tena amnyang'anye kazi ya shemeji yake mwenyewe, mlango kwa mlango? Kufunga hawezi, kutofunga hawezi, na kufunga vibaya, yeye aliyeandika yale maneno juu ya mlango, afadhali augue. Alikaa kwenye kigoda akikuna kisigino. Kisha tabasamu dogo, la mtoto aliyeona sukari haijafunikwa, likamjia. Yale matundu manne.

Jumanne mchana aliingia kwa shemeji yake na mkoba wa zana. Alifanya kazi kama kawaida yake, polepole na kwa madaha. Alipima waya kwa dhiraa, akaukata, akauchuna ngozi kwa meno ya plaizi bila kujeruhi hata unywele mmoja wa shaba, akazisokota ncha. Spika za kulia na kushoto alizifunga sawasawa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Huku mdomo unasimulia habari za mzee bahili, vidole vinapiga mafundo vyenyewe. Alipoinama nyuma ya sabufa, koili ya kwanza aliifunga kwa haki. Ya pili akaigeuza: wenye fundo akauchomeka kwenye nyeusi, usio na fundo kwenye nyekundu. Basi. Hakukata kitu, hakuharibu kitu. Koili moja ikisukuma, nyingine inavuta kwa nguvu ileile, na koni katikati inabaki imeduwaa, haijui imsikilize nani. Alijisikia mwerevu mno.

Akawasha. Taa za buluu zikacheza. Sauti za waimbaji zikatoka safi, ngoma ndogo zikalia kama punje za mchele kwenye sufuria. Chini yake, pale panapokaa besi, hapakuwa na kitu.

Shemeji alisubiri. Aliinama, akaweka kiganja juu ya sabufa kama daktari.

"Shemeji. Besi iko wapi?"

"Inakuja," alisema Fundi Fundo.

"Inatoka wapi?"

"Sabufa mpya ni kama bibi harusi mpya. Siku za kwanza ina haya. Ukiilazimisha utaiharibu. Iache izoee chumba."

Hakuona haya hata kidogo kusema hivyo, na dereva, kwa kuwa shemeji yake hajawahi kukosea tangu amfahamu, alitikisa kichwa kwa heshima na kuishusha sauti ili asiiaibishe.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha upande mmoja wa ukuta na za mashaka upande wa pili. Dereva alitoka kazini mapema kila siku, na kila siku akamwita shemeji yake aje asikilize. Fundi Fundo alifunga kibanda mchana, akaenda, akakunja uso wa kitaalamu, akatoa dawa. Mara pazia ni zito, linakunywa besi. Pazia likashushwa. Mara kochi ndilo linalozuia njia. Kochi likahamishwa kona hadi kona mpaka likakatika mguu. Mara sakafu inahitaji zulia, mara zulia liondolewe. Jirani wa ghorofani alikuja na ushauri wake, mke wa jirani akaja na wake, na chumba kile kikawa baraza. Fundi Fundo alimpaka yule bwana mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwenzake akashukuru kwa mafuta.

Na keki ya chini ikainuka. Alhamisi ilitoka kwenye oveni imenyooka kama meza. Mama Keki aliiweka juu ya waya ipoe, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo alikuwa hajatazamwa nalo tangu wachumbiane.

"Umefanyaje?" alinong'ona.

"Kazi ya fundi haielezwi."

Akapewa kipande cha pembeni, chenye ukoko. Alikila amefumba macho.

Lakini siri ya mwenye hila ina mguu wa tatu, nao hutembea. Ijumaa asubuhi alipofungua kibanda, mteja wake wa miaka, mshona viatu wa kona ile, alipita mbele yake na amplifaya kwapani, akavuka barabara, akaingia kwa Mama Risasi. Hakusalimia hata. Baadaye muuza vioo alimjongelea, akamwambia kwa upole unaokera: "Fundi, usijali sana maneno ya watu. Umri unatufikia wote." Maneno gani? Kwamba Fundi Fundo ameishiwa. Kwamba ameshindwa kufunga sabufa ya shemeji yake mwenyewe, wiki nzima anahamisha makochi. Alicheka ili aonekane hajali, kisha akaingia ndani akakaa katikati ya amplifaya zake, na moyo ulimuuma kwelikweli. Miaka thelathini! Akatazama maneno ya mlangoni kwa upande wa ndani, mahali ambapo rangi ilivuja na kuonekana kinyume.

Mchana ule mambo yakazidi. Shemeji, kwa kuitafuta besi, alikuwa amepandisha sauti kidogo leo, kidogo kesho, na sasa kitufe kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Mama Keki alikuwa na keki ya kati kwenye oveni aliponusa kitu kinachoungua. Akakimbilia oveni, akachungulia kupitia kioo. Keki ilikuwa salama, rangi ya dhahabu. Fundi Fundo, mlangoni, aliitambua harufu ile kabla hajavua viatu. Haikuwa keki. Ilikuwa rangi inayofunika waya wa koili, ikiungua. Koili mbili zinazopigana na koni isiyosogea hazina pa kupozea joto. Wiki moja zaidi, sabufa ya watu ingekuwa kiti.

Alitoka mbio. Dakika moja tu ingemtosha, ageuze waya mbili, afute dhambi, aseme bibi harusi amezoea chumba. Akamkuta shemeji yake ameketi juu ya sabufa, mikono kifuani.

"Nimeizima, inanuka," alisema dereva.

"Vizuri sana! Hebu sogea, niiangalie."

"Hapana, shemeji. Umechoka. Nimeongea na Mama Risasi, anakuja kesho saa nane. Amesema isiguswe mpaka afike."

"Mimi na wewe, mpaka tumwite Mama Risasi?"

"Si kwa ubaya," alisema yule bwana mpole, karibu kwa machozi. "Watu wanakusema vibaya kwa sababu ya hii sabufa yangu. Nimeona afadhali ionekane kwamba ni mbovu ya dukani. Jina lako lisafike."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote ya mtaani. Fundi Fundo alirudi kwake miguu mizito, na alipofika uani akasimama ghafla. Fundo! Fundi mwingine yeyote angechungulia nyuma akasema: amekosea, ameugeuza waya, uzee. Lakini Mama Risasi alisoma shule moja naye. Angeona waya wenye fundo umekaa kwenye nyeusi, na angejua kwamba mkono uliopiga lile fundo ulijua kabisa waya ule ni wa wapi. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imemwandikia barua ya mashtaka, na saini juu.

Jumamosi saa nane Mama Risasi alifika na tochi kichwani kama mchimba madini. Wapangaji walikuwa wamekwisha kujipanga. Muuza vioo alifunga duka lake aje kutazama. Upande wa pili wa ukuta, keki ya juu ilikuwa ndani ya oveni, robo saa tangu iingie.

"Kaka," Mama Risasi alimsalimia, meno yote nje. "Naambiwa sabufa ina haya."

"Dada, karibu," alisema Fundi Fundo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema Mama Risasi, akapiga magoti nyuma ya sabufa, akainamisha kichwa. Mwanga wa tochi ukatambaa ukutani. Ukasimama mahali pamoja. Ulikaa hapo muda mrefu. Fundi Fundo alihesabu pumzi zake.

Mama Risasi alipoinuka hakuwa anacheka kwa mdomo. Alikuwa anacheka kwa macho, na hilo ni baya zaidi.

"Koili moja imegeuzwa," aliwaambia watu. "Nyekundu iko kwenye nyeusi. Zinavutana, ndiyo maana kimya." Watu wakaguna. "Sasa fundi wenu yuko hapa. Ama alikosea, ama alikusudia. Aseme mwenyewe, mimi sina neno."

Chumba kizima kikamgeukia. Akisema alikusudia, ufundi wake unapona, lakini amemdanganya shemeji yake mchana kweupe, na atakayeulizwa kwa nini ni mkewe. Akisema alikosea, basi yale maneno ya juu ya mlango ayafute leo hii. Alimtazama dereva, ambaye macho yake yalikuwa yanamwombea.

"Nilikosea," alisema Fundi Fundo.

Lilikuwa neno dogo, na hakuwahi kulitamka kazini tangu azaliwe. Muuza vioo alishusha pumzi kwa utamu.

"Mwongo!" Sauti ilitoka ndani ya ukuta. Ukuta ule ulipitisha besi, na maneno pia ulipitisha. Mara mlango ukafunguka, Mama Keki akaingia na mwiko mkononi. "Mume wangu hajakosea waya hata mmoja, na hapa hatasimama mtu kumcheka. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Hata mimi nilijua hakukosea," alisema Mama Risasi kwa raha. "Fundo limekaa kwenye nyeusi. Mtu hapigi fundo halafu akasahau kwamba amelipiga. Nilitaka tu kuona atachagua nini."

Dereva alikuwa ameketi kwenye kochi lake la miguu mitatu. "Dada, ulimtuma aninyime besi?"

"Besi yako inanyweza keki zangu! Zile zenye shimo unazozisifia, ni wewe unayezitoboa!"

"Si ungeniambia?" alisema, na uso wake mpana ukakunjamana. "Ningeihamishia ukuta ule mwingine. Ningesikiliza jioni. Shemeji, wiki nzima nabeba makochi, nawe unanitazama!"

Fundi Fundo aliutazama mguu wa kochi uliokatika. Aibu ilimjaa mpaka masikioni, na hakuna aliyemwonea huruma, wala hakustahili. Wakati dada na ndugu yake wanarushiana maneno, Mama Risasi, ambaye hapendi kuona kazi imelala, alizichomoa zile waya mbili, akazirudisha mahali pake na kubana. "Tayari," alisema. "Kabla hujawasha, rudisha kwanza sauti..."

Dereva, kwa hasira na hamu, alikuwa amekwisha kuwasha. Na kitufe kilikuwa bado mwisho, pale alipokiacha.

Haikuwa sauti. Sakafu iliruka. Kioo cha dirisha kikalia, vumbi likashuka darini, tochi ikamteleza Mama Risasi mpaka puani, na muuza vioo akajikuta amemkumbatia mke wa jirani. Mama Risasi akavuta plagi kutoka ukutani. Kimya kilichofuata kilikuwa na neno moja tu ndani yake, na walilitamka wote kwa pamoja.

"Keki!"

Walikimbia. Jikoni mle waliingia watu saba mahali pa wawili, wakainama mbele ya kioo cha oveni. Mama Keki alifumba macho, akafumbua jicho moja.

Keki ilikuwa imesimama. Imeinuka, imevimba, haina hata ufa, inang'aa mle ndani kana kwamba hakuna lililotokea.

"Haikunywea," alisema dereva.

"Haikunywea," alisema Mama Keki. Hakuwa na furaha, alikuwa anafikiri. "Basi si besi. Kama huu mshindo haukuiangusha, kile kiredio chako kingewezaje? Alhamisi haikunywea, jana haikunywea, leo haikunywea. Zilinywea Jumapili zile mbili tu. Jumapili kulikuwa na nini?"

Fundi Fundo hakuwa anasikiliza. Alikuwa amechoka, amefedheheka, amepona, na sasa vanila ile ilikuwa inamjia usoni, tamu, ya joto, baada ya siku kadhaa za kuikosa kwa kushinda chumba cha pili. Mbele ya watu wote, bila yeye kuuamuru, mkono wake ulinyooka, ukashika mpini wa oveni, ukaanza kuuvuta upana wa vidole viwili.

Mwiko ulimpata juu ya vidole.

Mama Keki aliutazama ule mkono kama mtu anayesoma barua.

"Jumapili," alisema, "kibanda kinafungwa. Jumapili wewe unashinda humu." Kisha, taratibu zaidi: "Ukifungua oveni kabla ya wakati, baridi inaingia, keki inashuka. Umekuwa ukiifungua?"

"Kidogo tu," alisema Fundi Fundo.

"Mara ngapi?"

"Harufu tu, mke wangu. Sijawahi kula."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Keki, na hapo dereva, mtu wa roho nyeupe, alicheka mpaka akaegemea jokofu, akisema shimo lile basi lilikuwa la shemeji yake, na yeye ndiye aliyelila. Na wengine wakacheka, hata muuza vioo, hata mwishowe Mama Keki mwenyewe. Fundi Fundo peke yake alisimama akipuliza vidole.

Harusi ilikula keki ya ghorofa tatu zilizonyooka. Sabufa ilihamishiwa ukuta wa pili na ikatetemesha kama ilivyoahidiwa. Mshona viatu alirudi na amplifaya yake, kwa maelezo marefu. Jina la Fundi Fundo lilibaki palepale juu ya mlango wake. Mtaa ulikubali kwamba hajakosea waya hata siku moja, ila ni mwongo tu, na hilo halikumpunguzia mteja.

Lakini kila mkewe anapooka na kutoka, mpini wa oveni sasa unafungwa kwa kipande cha waya mweupe. Aliyekuja kumfundisha Mama Keki namna ya kulifunga fundo lake ni Mama Risasi, kwa mkono wa kushoto, na hakudai kitu kwa kazi hiyo, alisema ni raha yake.

Jumapili ya kwanza Fundi Fundo alivumilia mpaka saa saba. Kisha akalifungua lile fundo, akavuta harufu upana wa vidole viwili, akalifunga tena kwa uangalifu mkubwa, akarudi kwenye gazeti lake. Mama Keki aliingia na vitambaa vyake, akalitazama fundo mara moja tu. Lilikuwa limelala upande wa kulia.